Doa la Chai Kwenye Jina la Saba

Karatasi ilikuwa moja tu, ya A4, na mistari yake niliipiga mwenyewe kwa rula. Safu ya kwanza jina, ya pili wadi, ya tatu nambari ya simu, ya nne sahihi. Juu kabisa niliandika kwa herufi kubwa: ORODHA YA MAHUDHURIO.

Ilizungushwa mezani kabla ya chai ya saa nne. Mheshimiwa aliyekuwa nambari saba aliweka kikombe juu yake akitafuta miwani mfukoni, na kikombe kikaacha duara la rangi ya kahawia kwenye jina lake. Nambari tisa biro ilimkatalia wino, ikambidi arudie sahihi, ya pili ikapanda juu ya ya kwanza. Nakumbuka mambo haya madogo kwa sababu karatasi ile niliionea huruma. Nilikuwa nimeipiga mistari vizuri.

Hiyo ndiyo kazi yangu. Naandika kumbukumbu za mikutano: vyama vya akiba, kamati za misikiti na makanisa, vikundi vya akina mama, na mara moja moja wanasiasa. Safari hii walikuwa wawakilishi wadi wa upande wa wachache katika bunge moja la kaunti hapa Pwani, siku mbili za warsha hotelini. Kaunti sitaitaja, na chama sitakitaja.

Ajenda ya nne ilikuwa uongozi wa upande wao bungeni. Ilizungumzwa saa nzima. Sauti zilipanda, mmoja akatoka nje akarudi, na mwenyekiti akaamua ingoje kikao kijacho. Kwenye daftari langu niliandika: "Ajenda ya 4 imeahirishwa. Hakuna kura iliyopigwa."

Wiki tatu baadaye mtu alinitumia picha kwenye WhatsApp. Barua kwa Spika ya kumwondoa Kiongozi wa Wachache na kumweka mwingine. Nyuma yake kurasa mbili za kumbukumbu zilizochapwa vizuri, zikisema wanachama walikutana, wakajadiliana, wakapiga kura kwa kauli moja. Na nyuma ya hizo, orodha ya sahihi kumi na moja kati ya wanachama kumi na wanne, chini ya kichwa kipya: WANACHAMA WALIOUNGA MKONO.

Nambari tisa sahihi yake ilikuwa imepanda juu ya nyenzake.

Nambari saba palikuwa na duara. Mashine ya kunakili ilikuwa imeligeuza la kijivu, lakini lilikuwa ni lile lile.

Chini ya kumbukumbu zile paliandikwa "Katibu", bila jina.

Katibu wa kikao kile nilikuwa mimi.

## Kanuni yenyewe

Kwa wiki kadhaa nilikuwa naamka usiku nikiisoma Kanuni ya 20 ya Kanuni za Kudumu za Bunge la Kitaifa kwenye simu, huku mwanangu amelala ubavuni. Kanuni za mabunge ya kaunti zimefuata sana mwendo wa zile za Nairobi, na nilitaka kujua chanzo chake.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 108, inasema tu kwamba kutakuwa na kiongozi wa chama cha walio wengi na wa chama cha walio wachache, kisha inawapanga nyuma ya Spika kwa itifaki. Haisemi wanapatikanaje. Kanuni ya 20 ndiyo inayosema: upande wa wachache utamchagua kiongozi, naibu wake, kiranja, yaani msimamizi wa nidhamu ya upande huo, na naibu kiranja. Kuchagua, si kuteuliwa. Anaweza kuondolewa kwa kura za wengi wa wanachama wote wa upande huo, si za waliokuja siku hiyo peke yao. Kuondolewa hakuna nguvu mpaka mwingine awe amechaguliwa mahali pake. Na kiranja atamjulisha Spika kwa maandishi, akiambatanisha kumbukumbu za mkutano uliofanya uamuzi.

Hapo kwenye kumbukumbu ndipo nilipokuwa nakwama kila usiku. Aliyeandika kanuni ile alijua watu watataka kusema walikutana bila ya kukutana, na kwamba walipiga kura bila ya kupiga. Ndiyo maana akadai karatasi. Alidhani karatasi itakuwa shahidi.

Shahidi mwenyewe nimempiga mistari kwa rula yangu, na amesema uongo.

Cheo chenyewe si cha pambo. Anayekishika huketi katika kamati inayopanga bunge lizungumze nini wiki hiyo na kisizungumzwe nini. Kupitia kiranja, mkono wake unafika kwenye kila kamati: nani apelekwe fedha, nani afya, nani ang'olewe kwa sababu ameuliza sana. Zahanati ya kijijini kwenu ikikosa dawa na mwakilishi wenu akawa mkali, mtu wa kumnyamazisha kwa kumhamisha kamati ni huyu. Wa upande wake mwenyewe.

## "Nilipiga kura lini?"

Mzee wa nambari saba alinipigia simu Jumapili jioni. Nilikuwa nakuna nazi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nina swali moja tu, nisikuchoshe. Mimi nilipiga kura lini?"

Sikuwa na la kumjibu. Aliendelea kwa sauti ya chini, kama mtu anayezungumza huku wageni wako barazani. Alisema vijana wa wadi yake wamemwuliza kwa nini amemsaliti mtu wake, na yeye anajua hakusaliti, lakini sahihi ni yake. Aliitazama mara kumi. Akaanza kujishuku. Ana miaka sitini na saba, ana sukari, na anasahau mambo. Huenda aliandika.

"Mzee," nikamwambia, "ulikuwa unakunywa chai ya rangi, na uliweka kikombe juu ya jina lako."

Alinyamaza. Kisha nikamsikia akishusha pumzi ndefu.

Naandika makala haya kwa sababu ya pumzi ile. Mtu mzima alikuwa ameanza kuamini kwamba amefanya jambo asilolifanya, kwa vile karatasi ilisema amelifanya. Na aliyeandika karatasi alikuwa ameketi mbele yake na daftari.

## Mwezi mmoja, milango miwili

Nilianza kutafuta mifano ya wakubwa, nikitaka kujua kama hili ni letu sisi wa huku chini au ni la nyumba nzima.

Mei 2020 ndio mwezi ulionifumbua macho. Najua hapo mambo yalikuwa upande wa walio wengi, wala si wa upinzani, lakini mlango ni wa fundi mmoja. Chama tawala cha Jubilee kilikuwa kimepasuka, na wandani wa Naibu Rais wa wakati ule, William Ruto, walikuwa wanaondolewa mmoja mmoja. Tarehe 11 mkutano wa maseneta uliitwa Ikulu. Kipchumba Murkomen akatoka humo akiwa si Kiongozi wa Wengi tena, nafasi yake ikachukuliwa na Samuel Poghisio wa KANU. Murkomen alisimama Senetini akihoji idadi ya waliohudhuria na namna uamuzi ulivyofikiwa. Spika Kenneth Lusaka aliyapokea mabadiliko.

Siku kumi na moja baadaye, tarehe 22, Kithure Kindiki naye aliondolewa unaibu spika. Lakini hilo halikuwezekana kwa barua. Ilibidi liletwe ukumbini, mchana, likapigiwa kura. Maseneta 54 walitaka aondoke, saba wakakataa.

54 kwa 7. Ni kipigo kikubwa, na sidhani Kindiki alilala vizuri usiku ule. Lakini ni hesabu. Miaka hii yote baadaye naweza kuitaja bila ya mtu kunibishia. Kindiki aliweza kuwatazama wenzake akajua nani yuko wapi. Wale saba nao wana jambo lao la kuwasimulia wajukuu.

Ya Murkomen utapata hesabu tofauti kwa kila utakayemwuliza. Kilichobaki ni swali la nani alikuwa chumbani.

Niliandika kwenye daftari: aliyeshindwa kwa kura ana kitu mkononi, aliyeondolewa kwa barua hana. Nikajiona nimefika. Nilikuwa tayari kuandika makala hapo hapo, makali, ya kudai kura ya siri kwa kila cheo, na makubaliano ya vigogo yatupwe nje.

Kisha nikaukumbuka mwaka 2018.

## Shaka

Machi 9, 2018, Rais Uhuru Kenyatta na kinara wa upinzani Raila Odinga walipeana mkono kwenye ngazi za Harambee House. Kabla ya mwezi kwisha, Moses Wetang'ula hakuwa tena Kiongozi wa Wachache katika Seneti. James Orengo wa Siaya ndiye aliyekalia kiti.

Na maseneta ndio walioamua. Hii ndiyo iliyonisumbua. ODM, chama cha Raila, ilikuwa na wengi ndani ya muungano wa upinzani wa NASA, ikakaa, ikahesabu, ikamtoa. Ukiisoma Kanuni kwa jicho la mtu anayetaka kura tu, hapakuwa na kosa. Wengi wameshinda.

Lakini Wetang'ula hakuwa wa ODM. Alikuwa wa Ford Kenya, na cheo kile alikipata kwa maelewano ya vyama vilivyokwenda kwa wananchi 2017 chini ya mwavuli mmoja. Ford Kenya ilileta kura zake za Bungoma na Trans Nzoia kapuni, ikaahidiwa fungu lake. Kapu lilipokwisha kubebwa, mwenye mkono mkubwa akasema: tuhesabu vidole. Wetang'ula alisimama Senetini akaonya kwamba ikiwa ni talaka, itakuwa ya kelele na isiyo na heri kwa yeyote. Wengine walimcheka. Mimi nilipousoma tena mwaka huu sikuweza kucheka.

Natoka Pwani. Tunajua kuwa chama kidogo ndani ya muungano mkubwa kuna ladha gani. Tunajua kuitwa wakati wa kampeni na kusahauliwa wakati wa kugawa. Kama kila cheo kitaamuliwa kwa kuhesabu vichwa, basi mwenye vichwa vingi atachukua kiongozi, naibu, kiranja na naibu kiranja, na kesho yake atashangaa kwa nini wadogo wamehamia kwa serikali.

Tena Kanuni ya 20 yenyewe imelifikiria hili. Inasema katika kuwachagua hao, chama au muungano utazingatia mkataba wowote wa muungano uliopo. Sentensi moja fupi. Nilikuwa nimeipita mara nyingi nikiwa na hasira, kama mtu anayepita kaburi bila ya kusoma jina.

Kwa hiyo barua nayo ina mtetezi wake. Barua inaweza kuwa ahadi iliyoandikwa. Inaweza kuwa ndiyo inayomlinda mdogo asimezwe.

Nilikaa wiki nzima bila ya kuandika neno.

## Daftari mezani

Jumamosi moja nilipanda matatu nikaenda kwa mzee wa nambari saba. Daftari nilikuwa nalo kwenye mkoba. Nia yangu ilikuwa kumpa ukurasa ule, wenye tarehe, saa na mwandiko wangu, aende nao kwa Spika au mahakamani, popote atakapo. Nilikuwa nimejiandaa na kupoteza kazi za watu wale. Nilikuwa nimemwambia mume wangu.

Mzee alivaa miwani akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika "Hakuna kura iliyopigwa" alikigonga kidole mara mbili. Kisha akafunga daftari akalirudisha upande wangu wa meza.

"Nikienda nalo, huyu wetu atarudi," alisema.

"Ndiyo, mzee. Si ndivyo unavyotaka?"

"Na yeye aliingiaje?"

Nilimtazama tu.

Akanisimulia. Baada ya uchaguzi wa 2022, kabla hata ya wote kuapishwa, waliitwa katika ukumbi mmoja wakaletewa bahasha kutoka makao makuu ya chama. Afisa aliifungua akasoma majina manne: kiongozi, naibu, kiranja, naibu kiranja. Akauliza kama kuna pingamizi. Kabla ya swali kukaa sawa, mtu nyuma alikwisha anza kupiga makofi.

"Tukapiga makofi sote," mzee alisema. "Na mimi nilipiga. Makofi ndiyo yaliyokuwa kura."

Kumbukumbu za siku ile, alinihakikishia, zinasema walichaguliwa kwa kauli moja.

Nje kuku walikuwa wanaparua changarawe. Mke wa mzee alileta chai, akaweka na kisahani chini ya kikombe chake.

Yule kiongozi aliyeondolewa nilikuwa nimemwonea uchungu wiki zote zile. Na bado namwonea, maana aliyofanyiwa hayakuwa haki. Lakini siku ile, kwenye meza ya mzee, niliona kwa nini hakupiga kelele, jambo lililokuwa limenishangaza. Hakwenda mahakamani. Hakuita waandishi. Angedai nini? Hakuna siku aliyosimama mbele ya wenzake kumi na watatu akawaambia nipeni, nao wakampa. Aliingia kwa bahasha. Ilipokuja bahasha ya pili hakuwa na pa kushika.

## Usiku wa Mlimani City

Niliporudi nyumbani nilikumbuka usiku mwingine kabisa, wa Januari 2025.

Kaka yangu anafanya kazi Dar es Salaam na ndiye aliyeniambia nifungue matangazo ya moja kwa moja. Chadema, chama cha upinzani cha Tanzania, walikuwa wanamchagua mwenyekiti katika ukumbi wa Mlimani City. Freeman Mbowe alikuwa amekishika chama tangu 2004, na kwa miaka kumi, 2010 hadi 2020, alikuwa ndiye KUB, Kiongozi wa Kambi Rasmi ya Upinzani Bungeni. Aliyesimama mbele yake alikuwa makamu wake, Tundu Lissu, mtu aliyewahi kuwa mnadhimu, yaani kiranja, wa kambi ile ile.

Sikulala. Jirani yangu, ambaye hata si Mtanzania wala hajui Lissu ni nani, alikuja kuketi nasi akaanza kuhesabu kwa vidole. Asubuhi matokeo yakawa 513 kwa Lissu na 482 kwa Mbowe. Tofauti ya kura 31. Mbowe akakubali.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Kampeni zilikuwa na maneno mazito ambayo hayasahauliki upesi, na miezi michache baadaye baadhi ya vigogo waliokuwa upande wa Mbowe walikihama chama wakaenda chama kingine, Chaumma. Kura inaweza kuvunja nyumba. Wanaoogopa kura hawaogopi kivuli, na mimi siwezi kuwaambia kwamba wanajisumbua bure.

Lakini 482 ni watu. Mbowe aliondoka na watu 482 waliosema tunakutaka wewe. Lissu aliingia akijua kwamba karibu nusu ya ukumbi haikumtaka, na kila asubuhi atalazimika kulikumbuka. Hakuna barua inayoweza kumwambia kiongozi jambo kama hilo. Barua humwambia kwamba anapendwa na mmoja.

Ndipo nikaona kosa langu la wiki zile. Nilikuwa nikiuliza kipi bora, kura au makubaliano, kana kwamba lazima kimoja kife. Mkataba wa muungano unaweza kusema: kiti hiki ni cha chama kidogo. Sawa, na ulindwe hivyo. Lakini nani katika chama hicho kidogo? Hapo ndipo wenzake wa upande mzima wanaweza kupewa karatasi na sanduku. Ahadi inahusu kiti. Kura inahusu mtu. Wetang'ula alinyang'anywa ahadi kwa kura, na yule wetu wa kaunti aling'olewa kwa barua iliyojidai kuwa kura.

Leo Wetang'ula ndiye Spika wa Bunge la Kitaifa, na barua za kung'oa na kupanda viongozi huletwa mezani kwake. Natamani kujua huzisomaje.

## Alipoondoka Wandayi

Agosti 8, 2024, baada ya maandamano ya vijana na baraza la mawaziri kuvunjwa, mawaziri wapya waliapishwa Ikulu. Miongoni mwao walikuwamo Opiyo Wandayi, ambaye wiki chache tu kabla alikuwa Kiongozi wa Wachache katika Bunge la Kitaifa, na John Mbadi, aliyekishika kiti hicho hicho kuanzia 2017 hadi 2022. Mmoja alipewa Nishati, mwingine Hazina ya Kitaifa. Watu wawili waliokuwa sauti ya upinzani bungeni, mmoja baada ya mwingine, walikula kiapo cha serikali siku moja.

Hapa kijijini watu walilizungumza kama habari ya tabia: huyu amenunuliwa, yule ana njaa. Mimi silioni hivyo tena. Kiongozi aliyepewa wadhifa na kinara wa chama anamwangalia kinara. Kinara akigeuka, naye hugeuka. Sioni ajabu. Wa kuaga ni mmoja tu. Wabunge wenzake hawakumpa kitu, kwa hiyo hawamdai.

Kiti alikichukua Junet Mohamed wa ODM, aliyekuwa kiranja. Naibu wa Wandayi, Robert Mbui wa Wiper, chama kidogo zaidi katika muungano wa upinzani, alibaki pale pale alipokuwa, na Wiper hawakufurahi. Tukarudi kwenye lile la mkubwa na mdogo. Nilitazama habari za siku zile zote nikitafuta kitu kimoja tu: idadi ya kura. Nilichoona ni majina, na matamko ya viongozi wa vyama.

Na 2022 Seneta wa Kilifi, Stewart Madzayo, alipotangazwa Kiongozi wa Wachache katika Seneti, maskani kwetu walishangilia, maana kiti kikubwa kama kile Pwani hatukioni kila siku. Nami nilishangilia. Leo natamani ningejua wenzake wangapi waliandika jina lake kwa mkono wao. Si kwa sababu namshuku. Ni kwa sababu ningependa furaha ile iwe na namba.

## Kikao kijacho

Wiki iliyopita nilipigiwa simu. Wanataka kuketi tena, safari hii ni kiranja. Wameridhika na kazi yangu, walisema, na kama nina nafasi.

Nilisema ninayo, kwa masharti mawili. Kwamba chini ya kila karatasi ya mahudhurio kutachapwa maneno: "Sahihi hii ni ya kuhudhuria tu. Si kura." Na kwamba kama ajenda ya uongozi itaamuliwa, kutakuwa na karatasi za kura, zitakunjwa, zitahesabiwa mbele ya wote, na idadi nitaiandika mimi, ya walioshinda na ya walioshindwa, na jina langu litakuwa chini, kamili.

Aliyepiga simu alikaa kimya kidogo. Akasema atashauriana, atanirudia.

Hajanirudia.

Ukurasa wa daftari bado ninao. Mzee hakuutaka, nami sijautupa. Nakala ya picha nimeiweka ndani yake, ile yenye duara la kijivu, na nikizifungua pamoja naziona siku mbili zinazodai kuwa moja.

Jana jioni mzee wa nambari saba alipiga simu kuuliza kama nitakuwepo. Nikamwambia sijaitwa. Akaniuliza kama karatasi za kura nimekwisha zikata, hata hivyo.

Nimezikata. Ziko kumi na nne, zote sawasawa, ndani ya bahasha juu ya kabati.